Kahawa ya Meru Ionjwe Nyumbani Kabla ya Kufika Sokoni

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya kahawa methali hiyo yahitaji nyongeza: chema hakijiuzi kwa bei yake ikiwa mwenye nacho hajui kuwa ni chema. Mkulima wa miteremko ya Mlima Meru huijua kahawa yake kwa macho na kwa mizani. Aijua idadi ya mibuni yake, madebe aliyochuma na kilo zilizoandikwa katika stakabadhi ya chama. Ladha yake aghalabu haijui, kwa kuwa nyumbani hunywewa chai. Ladha hiyo huonjwa na watu wengine, mbali na shamba, nao ndio wanaoamua kama kahawa hiyo ni ya kugombaniwa au ni ya kuchanganywa na nyingine.

Jambo hili linavihusu vyama vyote vya msingi vya eneo la Arusha, kuanzia vijiji vya Wameru vya upande wa Tengeru na Usa River hadi makazi ya Waarusha yaliyo juu ya mji. Hata Olasiti, ambayo leo ni kata ya Jiji la Arusha na imejaa nyumba, ingali jirani ya mashamba makubwa ya kahawa ya Burka, na magari ya watalii waendao Manyara, Ngorongoro na Serengeti hupita karibu nayo. Miongoni mwa wasafiri hao wamo watu ambao makwao hulipa fedha nyingi kwa kahawa nzuri. Akitokea mmoja wao akamwuliza mwanachama kahawa ya chama chake ina ladha gani, mwanachama huyo hana budi awe na jibu.

MFANO WA WAKULIMA WA ZABIBU WA UFARANSA

Wako wakulima wengine duniani waliokwisha kulitatua tatizo hili, na mfano wao wafaa kutazamwa. Nchini Ufaransa mtu atakaye mvinyo aweza kwenda mwenyewe shambani. Hukaribishwa ghalani penye mapipa, akamiminiwa kidogo katika bilauri. Huitazama rangi, hunusa, huuzungusha mvinyo kinywani, kisha huutema ili akili yake ibaki timamu kwa kuonja mwingine. Huuliza ni zabibu za aina gani, za mteremko upi, na za mwaka gani. Akiridhika hununua masanduku yake hapo hapo na kuondoka nayo. Mkulima aliye mbele yake ameuonja mvinyo huo mara nyingi tangu ulipokuwa maji ya zabibu. Kwa hiyo bei itajwapo, wote wawili wanajua ni kitu gani kinachozungumzwa.

Hali hiyo haikupatikana bure. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mizabibu ya Ufaransa iliangamizwa na mdudu wa mizizi aitwaye filoksera. Baada ya mizabibu kupandwa upya, mwanzoni mwa karne ya 20, mvinyo ulifurika sokoni, na pamoja nao ukauzwa mvinyo wa hila uliotengenezwa kwa kuongezwa maji na sukari. Bei zilianguka, na mkulima mdogo wa kusini mwa nchi akawa mateka wa wafanyabiashara wa mjini. Mwaka 1907 mamia ya maelfu ya watu wa kusini waliandamana, na mwaka huo huo serikali ikatunga sheria dhidi ya udanganyifu huo.

Lakini wakulima wa kijiji cha Maraussan hawakungoja sheria. Mwaka 1901 waliunda chama chao cha ushirika, na mwaka 1905 wakajenga ghala la pamoja la kukamulia na kuhifadhia mvinyo. Walitafuta wanunuzi wao wenyewe, nao walikuwa vyama vya ushirika vya walaji, hasa vya wafanyakazi wa Paris. Hivyo ushirika wa wazalishaji uliuza kwa ushirika wa walaji bila dalali kati yao.

Katika jimbo la Bordeaux nako, kwa muda mrefu mvinyo mwingi uliuzwa kwa mapipa kwa wafanyabiashara wa mjini, ambao ndio walioutia katika chupa. Mwaka 1924 Philippe de Rothschild aliamua kuwa mavuno yote ya shamba la Mouton yatiwe katika chupa shambani penyewe. Mwaka 1935 Ufaransa ikaweka utaratibu wa kisheria wa kulinda majina ya mahali, kwamba mvinyo usiitwe kwa jina la eneo fulani isipokuwa umetoka huko na kufuata masharti ya huko.

Mafunzo ya habari hiyo ni matatu. Kwanza, mzalishaji aijue ladha ya mali yake. Pili, jina la mahali lina thamani, mradi lilindwe dhidi ya uchafu na udanganyifu. Tatu, mkulima mdogo mmoja hawezi mambo hayo peke yake, bali chama kinaweza. Tanzania ina zabibu na mvinyo wake kule Dodoma, lakini chini ya Mlima Meru zao linalostahili mafunzo hayo ni kahawa.

MAMBO YANAYOIFANYA LADHA

Kahawa, kama mvinyo, hubeba ladha ya mahali ilipoota. Meru ni mlima wa volkano wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, na udongo wa miteremko yake una rutuba. Penye baridi ya mlimani tunda la mbuni huiva polepole, na buni yake huwa ngumu na yenye ladha nyingi zaidi kuliko ile ya joto la tambarare. Waonjaji husema kahawa ya arabika ya milima ya kaskazini, ikitunzwa vizuri, ina uchachu safi kama wa tunda, uzito wa wastani kinywani na harufu tamu.

Hiyo ndiyo zawadi ya mlima. Sehemu iliyobaki ni kazi ya mikono ya mkulima, na kila kosa lake huonekana kikombeni:

Matunda mabichi yakichumwa pamoja na mabivu, kikombe huwa kikavu, chenye ukakasi na ladha ya majani.

Matunda yakilala bila kumenywa siku ile ile ya kuchumwa, au kahawa iliyomenywa ikivundikwa muda mrefu kupita kiasi, au ikioshwa kwa maji machafu, kikombe huwa na uchachu mbaya, pengine na harufu ya kitunguu. Buni moja iliyooza yaweza kukiharibu kikombe kizima.

Kahawa ikianikwa chini hupata ladha ya udongo. Ikianikwa katika tabaka nene, au ikinyeshewa, huota ukungu na kunuka uvundo. Yafaa ianikwe kwenye vichanja vya waya, igeuzwe mara kwa mara, ifunikwe wakati wa jua kali la mchana na wakati wa usiku, hadi unyevu wake usizidi asilimia 12.

Kahawa ikihifadhiwa karibu na mafuta ya taa, mbolea, dawa za mimea au ngozi mbichi, huvuta harufu ya vitu hivyo, na harufu hiyo haiondoki kwa kukobolewa wala kwa kukaangwa.

Makosa hayo yote hayaonekani vema kwa macho. Gunia laweza kung'aa kwa weupe na bado likawa na kikombe kibaya. Vivyo hivyo, ukubwa wa buni si ladha. Alama kama AA, A na B huonyesha zaidi matundu ya chekeche ambayo buni imepitia, ilhali PB ni buni duara, ile iliyokua peke yake ndani ya tunda. Kahawa ya AA yaweza kuwa na ladha hafifu, na ya B ikawa na kikombe bora. Ndiyo maana kahawa hutolewa madaraja mara mbili: la ukubwa kwa chekeche, na la ubora kwa ulimi.

NJIA YA KAHAWA HADI KWA MNUNUZI

Katika utaratibu wa zamani wa malipo ya awali, ya pili na ya mwisho, kahawa ya vyama vingi ilikusanywa pamoja, na mkulima alilipwa kwa wastani. Utaratibu huo uliwalinda wanyonge, lakini ulificha tofauti kati ya chama kilichofanya kazi safi na kile kilichofanya kazi ya ovyo. Kuanzia msimu wa 1994/1995 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kununua vijijini, na wengi wao walinunua kwa uzito na kwa mwonekano. Kisha kuanzia msimu wa 2018/2019 Serikali iliagiza kahawa ya wakulima wadogo ikusanywe na kuuzwa kwa njia ya vyama vya ushirika. Agizo hilo liliongeza wajibu wa vyama vya msingi, kwa kuwa jina la chama ndilo lililokuja kuwa jina la kahawa.

Mkulima huleta chamani kahawa ya maganda, yaani buni iliyokwisha kumenywa, kuoshwa na kukaushwa, ikiwa bado ina ganda lake jembamba la ndani. Hupelekwa kiwandani kukobolewa, na kwa kawaida kilo 100 za kahawa ya maganda hutoa kilo 80 hivi za kahawa safi. Sampuli huchukuliwa na kuonjwa na waonjaji wa Bodi ya Kahawa Tanzania, ambayo makao yake ni Moshi. Kabla ya mnada wanunuzi wenye leseni nao hupata sampuli, wakazionja katika vyumba vyao wenyewe. Hivyo siku ya mnada msimamizi wa soko ameonja, na kila mnunuzi ameonja. Asiyeonja ni mwenye mali peke yake.

NAMNA YA KUONJA CHAMANI

Kuonja kahawa si uchawi wala si kazi ya wazungu. Ni ufundi wa kujifunza kwa mazoezi, na vyombo vyake vya kuanzia havizidi uwezo wa chama: mizani ndogo, kikaango kizito au mashine ndogo ya kukaangia, kinu, vikombe vya ukubwa mmoja, vijiko vya mviringo, birika na chombo cha kutemea. Utaratibu ni huu:

1. Sampuli ichukuliwe kutoka magunia mengi ya fungu moja, ichanganywe, iandikwe namba ya fungu na tarehe. Ikobolewe, na buni mbovu zihesabiwe.

2. Buni zikaangwe kwa moto wa kiasi kwa muda wa dakika 8 hadi 12, zikikorogwa bila kukoma, hadi ziwe na rangi ya kahawia iliyo sawa. Zikiungua, muonjaji ataonja moshi badala ya kahawa. Ziachwe zipumzike kwa saa 8 au zaidi.

3. Kwa kila sampuli viandaliwe vikombe vitano, kila kimoja na gramu 8.25 za kahawa kwa mililita 150 za maji. Vikombe ni vitano ili ionekane kama ladha ni moja. Kimoja kikinuka ilhali vinne ni safi, ndani ya fungu mna buni zilizooza.

4. Kahawa isagwe wakati huo huo wa kuonja, inuswe ikiwa kavu.

5. Yamiminwe maji safi yasiyo na harufu, yenye joto la nyuzi 93 hivi. Kwa mwinuko wa Arusha, unaokaribia mita 1,400, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo yakiisha kuchemka yatulizwe kidogo tu.

6. Baada ya dakika nne, utando ulioelea uvunjwe kwa kijiko huku pua ikiwa karibu na kikombe, kwa maana hapo ndipo harufu hujitokeza zaidi. Kisha povu liondolewe.

7. Kahawa ikipoa kiasi ivutwe kwa nguvu kutoka kijikoni ili itawanyike kinywani kote, halafu itemwe. Irudiwe inapozidi kupoa, kwa sababu kasoro nyingi hujificha katika joto. Mambo ya kuandikwa ni harufu, uchachu, utamu, uzito, usafi wa kikombe na ladha inayobaki baada ya kutema.

Waonjaji wawe wawili au zaidi, na kila mmoja aandike yake kabla ya kusema, ili mkubwa asimfuatishe mdogo. Katika biashara ya kahawa maalumu alama hutolewa hadi 100, na kahawa iliyopata 80 au zaidi ndiyo inayohesabiwa kuwa maalumu. Waonjaji wa chama hawana haja ya kuanza na alama hizo. Inatosha kwanza waweze kutambua kikombe safi na kikombe chenye kasoro, na kuieleza sababu ya kasoro hiyo kwa mkulima aliyeileta.

KUUZA MOJA KWA MOJA

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 sheria za kahawa za Tanzania zimefungua mlango wa wakulima wa kahawa bora kuuza moja kwa moja kwa wanunuzi wa nje, kwa kibali na chini ya usimamizi wa Bodi. Mwaka 2001 vikundi vya wakulima wadogo viliunda chama cha kahawa maalumu kilichojulikana kwa jina la KILICAFE, ili kutafuta masoko ya namna hiyo. Huko Kilimanjaro KNCU, iliyoanzishwa mwaka 1933, iliuza sehemu ya kahawa yake katika soko la biashara ya haki. Njia hiyo basi si ngeni katika nchi hii.

Mnunuzi wa moja kwa moja hulipa zaidi, lakini hudai zaidi. Bei ya arabika ya soko la New York hutajwa kwa senti za dola kwa ratili moja, ilhali mnada wa Moshi kwa muda mrefu ulitaja dola kwa kilo 50. Katibu akumbuke kuwa kilo 50 ni ratili 110.23. Kwa mfano, New York ikiwa senti 200, hiyo ni dola 220.46 kwa kilo 50. Mnunuzi akiahidi senti 30 juu ya bei hiyo, ameongeza dola 33.07 hivi kwa kila kilo 50. Chama kilichokusanya tani 20 za kahawa ya maganda hupata tani 16 hivi za kahawa safi, yaani mafungu 320 ya kilo 50, na nyongeza hiyo itakaribia dola 10,580. Hesabu hiyo ni ya mfano tu, na kutoka humo hazina budi kutolewa gharama za ukoboaji, usafiri, ukaguzi na vibali. Hata hivyo yaonyesha kwa nini mambo ya ladha si ya anasa.

Hatari nazo zitazamwe. Kontena la futi 20 hubeba magunia 320 hivi ya kilo 60, yaani kilo 19,200, ambazo zahitaji karibu tani 24 za kahawa ya maganda. Chama kidogo hakina budi kuungana na jirani, lakini ajiunge naye baada ya kuonja kahawa ya pande zote mbili, kwa kuwa kikombe kibaya cha mmoja huharibu jina la wote. Mnunuzi hupelekewa sampuli kwanza, na shehena isipolingana na sampuli hiyo aweza kuikataa au kupunguza bei. Tena malipo huweza kuchukua muda mrefu kuliko ya mnada, na mwanachama mwenye karo ya kulipa aweza kushawishika kuuza kwa magendo. Mkataba usemao kiasi, ubora, siku ya malipo na namna ya kumaliza mgogoro usomwe na kamati nzima kabla ya kutiwa sahihi, na Chama Kikuu kishauriwe.

Iko pia njia ndogo iliyo karibu zaidi, ile ya mgeni kufika shambani, kuonja na kununua kahawa iliyokaangwa, kama afanyavyo mnunuzi wa mvinyo kule Ufaransa. Kwa vyama vilivyo karibu na Jiji la Arusha njia hiyo yawezekana, mradi leseni zinazotakiwa zipatikane na mahali pawe safi. Haitamaliza magunia ya msimu. Faida yake ni kwamba mkulima humwona mnywaji uso kwa uso, akajifunza kinachompendeza.

KAZI YA MSIMU UJAO

Hayo yote huanza na mambo machache yasiyohitaji fedha nyingi. Kamati ichague vijana wawili, mwanamume na mwanamke, wajifunze kuonja. Mwenye kuvuta sigara hafai, wala mwenye kudharau wenzake. Kahawa ipokewe kwa mafungu, kila fungu na namba yake, na iliyochelewa au iliyonyeshewa isichanganywe na nzuri kwa ajili ya kuoneana haya. Sampuli ya kila fungu ibaki chamani. Taarifa ya waonjaji wa Bodi iombwe na kulinganishwa na ile ya waonjaji wa chama. Zikitofautiana, chama kitakuwa na hoja ya kuuliza, nacho kitauliza kikiwa na sampuli mkononi badala ya manung'uniko.

Mwishoni mwa msimu taarifa hiyo isomwe katika mkutano mkuu pamoja na hesabu za fedha, na wanachama waliohudhuria wapewe kikombe kimoja cha fungu bora na kimoja cha fungu baya, waonje wenyewe. Mwanachama aliyevionja vikombe hivyo viwili hatahitaji kuhimizwa tena kuacha matunda mabichi mtini.